Namna ya Kutazama Filamu za Mauaji ya Kweli: Mwongozo Kamili

Skrini iko nyeusi, yanatokea maandishi meupe: imetokana na kisa cha kweli. Watu wanatulia vitini. Maneno hayo machache yana nguvu ya kiapo, ilhali hayasemi ni kiasi gani kimetoka kwenye kisa na kiasi gani kimetoka kwenye meza ya mwandishi.

Na lazima kitu kitoke kwenye meza ya mwandishi. Miaka minne haiingii katika saa mbili bila kukatwa. Watu mia tatu hawawezi wote kuwa wahusika, na mazungumzo ya chumbani ambayo hakuna aliyeyasikia akabaki hai hayana budi kutungwa. Ndiyo maana sivutiwi sana na watazamaji wanaowinda makosa ya kofia na magari. Wanajifurahisha, waache. Swali la kubeba kutoka mwanzo hadi mwisho ni hili: badiliko hili limempunguzia nani mzigo? Muuaji? Serikali iliyotazama pembeni? Au mtazamaji mwenyewe, ili apate usingizi usiku?

Hatua zote zilizo hapa chini ni njia za kulijibu swali hilo. Utahitaji jioni mbili, daftari, saa, na filamu unayoweza kuisimamisha na kuirudisha nyuma. Kama unaitazama ukumbini, itabidi uende mara mbili.

Hatua ya 1: Lijue tukio kabla ya kuijua filamu

Nusu saa ya kusoma inatosha. Katika ukurasa mmoja andika: ilikuwa lini, wapi, nani aliuawa, nani aliua, nani aliamuru, na nani alijua akanyamaza. Kisha andika idadi ya waliokufa kwa upana wake. Kwa mauaji ya kimbari ya Rwanda, kwa mfano, utaandika Aprili hadi Julai 1994, siku zipatazo 100, na waliouawa kati ya laki tano na zaidi ya milioni moja, wengi mno wakiwa Watutsi. Usichague namba moja kwa sababu tu ndiyo uliyowahi kuisikia. Filamu itakuchagulia moja, na utataka kujua imeegemea upande gani.

Kipengele cha mwisho, nani alijua akanyamaza, ndicho kinachorukwa sana na sinema. Tuendelee na Rwanda. Tarehe 11 Januari 1994, Jenerali Roméo Dallaire, Mkanada aliyeongoza kikosi cha Umoja wa Mataifa mjini Kigali, alituma ujumbe New York akionya kuhusu silaha zilizofichwa na mpango wa kuwaua Watutsi. Alikatazwa kwenda kuzikamata silaha hizo. Tarehe 21 Aprili, damu ikiwa inamwagika kila kona, Baraza la Usalama liliamua kukipunguza kikosi hadi watu 270. Ukiwa na tarehe hizo mbili daftarini, utaitazama "Hotel Rwanda" ya 2004 kwa jicho jingine. Kanali wa Umoja wa Mataifa anayeigizwa na Nick Nolte ni mhusika wa kubuni. Ana hasira, ana aibu, na aibu yake inagusa kweli. Lakini aibu ya mtu mmoja imewekwa mahali pa uamuzi wa watu wengi waliokaa kwenye meza ya mkutano, na meza hiyo kamera haiifikii.

Hatua ya 2: Uliza nani amelipa, na mwaka gani

Hapa usiharakishe. Filamu huzungumzia wakati wa tukio, lakini huishi katika wakati wa kutengenezwa kwake, na anayelipa ana la kusema hata asipoonekana.

Mfano ulio wazi kuliko yote ninayoijua ni wa Indonesia. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Oktoba 1965, majenerali sita na luteni mmoja waliuawa. Jeshi likawatupia lawama wakomunisti, na katika miezi iliyofuata raia wasiopungua laki tano waliuawa, wengi kwa sababu tu walisemekana kuwa wakomunisti. Mwaka 1984 serikali ya kijeshi ya Rais Suharto ilitoa filamu ya zaidi ya saa tatu, "Pengkhianatan G30S/PKI". Inasimulia kwa kina, kwa damu na nyembe, jinsi wale maofisa saba walivyoteswa. Ripoti ya madaktari waliochunguza maiti zao mwaka 1965 haikukuta ukatwaji wa namna hiyo. Na wale laki tano? Hawamo. Wanafunzi walipelekwa kuitazama, na televisheni ikairusha kila mwaka hadi Suharto alipoanguka mwaka 1998. Waswahili walisema asiyekuwepo na lake halipo. Hapo serikali ilihakikisha kwamba marehemu hawapo mara mbili, kwanza duniani na kisha kwenye skrini.

Usidhani ni tawala za kijeshi tu. "Nuit et brouillard" ya Alain Resnais, filamu fupi ya mwaka 1956 kuhusu kambi za Wanazi, inasifiwa kila mahali kwa ukweli wake, na inastahili. Hata hivyo wakaguzi wa filamu wa Ufaransa waliikwamisha kwa sababu ya picha moja. Ilionyesha kambi moja ndani ya Ufaransa, na ndani yake alionekana askari akilinda, kichwani amevaa kofia ya polisi wa Kifaransa. Ikabidi kofia ifunikwe kwa rangi, kama boriti iliyopita mbele yake, ndipo filamu iruhusiwe. Kofia moja. Ukiuliza imempunguzia nani mzigo, jibu linakuja lenyewe.

Upande wa Kenya, jaribu "Something of Value" ya 1957, iliyotengenezwa Marekani wakati hali ya hatari bado inaendelea. Ina nia ya kuwa na usawa, hilo nalikubali. Lakini nyumba ambayo kamera inaingia ndani ili tuhofie walio humo ni ya mlowezi. Linganisha na hesabu: walowezi waliouawa katika miaka yote ya vita vya Mau Mau walikuwa 32, na Waafrika walionyongwa kwa amri ya mahakama za kikoloni walizidi 1,000, bila kuhesabu waliokufa msituni na kambini. Ni mwaka 2013 tu ndipo serikali ya Uingereza ilipokubali kuwalipa fidia wazee 5,228 waliodai kuteswa.

Sasa igeuze sarafu. "Camp de Thiaroye" ya mwaka 1988, ya Ousmane Sembène na Thierno Faty Sow, ilitengenezwa kwa fedha za Senegali, Algeria na Tunisia. Inahusu askari wa Kiafrika walioipigania Ufaransa, wakatekwa na Wajerumani, wakarudi Dakar na kudai malipo yao, kisha wakamiminiwa risasi na jeshi hilohilo la Ufaransa alfajiri ya tarehe 1 Desemba 1944. Kwa miongo mingi Ufaransa ilitaja vifo 35. Je, filamu hiyo ingepata fedha Paris mwaka 1988? Nina shaka kubwa.

Andika basi mistari mitatu: nchi zilizolipa, mwaka wa kutoka, na nani alikuwa madarakani pale wakati huo.

Hatua ya 3: Mara ya kwanza tazama tu

Weka daftari mbali. Lia ukitaka kulia. Anayeanza kuchambua dakika ya tano hatajua filamu ilitaka kumfanya nini.

Ikimalizika tu, kabla hujazungumza na mtu wala hujashika simu, andika majibu matatu: ulimlilia nani, ulimchukia nani, na majina ya nani unayakumbuka bila kuangalia. Ukichelewa hata saa moja utaanza kuandika majibu ya mtu mwenye busara, na hayo hatuyataki.

Hatua ya 4: Mara ya pili hesabu

Chora safu mbili. Upande mmoja andika wahusika kutoka kundi lililouawa, upande wa pili wengine wote: waokoaji, waandishi wa habari, mapadri, wanajeshi, wauaji. Kila mhusika akitajwa jina, mwandike. Kisha shika saa, uchague nusu saa ya katikati ya filamu, na upime nani anazungumza na tunamwona nani akiwa peke yake. Mhusika anayeonyeshwa peke yake chumbani, akifikiri, ndiye ambaye filamu imempa roho. Wengine ni umati.

Matokeo mara nyingi huwa ya kushtua. Katika "Cry Freedom" ya 1987 Steve Biko, mwanaharakati aliyepinga ubaguzi wa rangi, anafariki filamu ikiwa bado ina safari ndefu mbele, na safari hiyo ni ya mhariri Mzungu Donald Woods na familia yake wakitoroka Afrika Kusini. Swali la "Biko aliuawaje?" linageuka kuwa "je, Woods atavuka mpaka?" Wapo wanaoitetea njia hii kwa kusema bila mhusika kama Woods watazamaji wa Ulaya na Marekani wasingeingia ukumbini. Huenda. Lakini ukikubali hoja hiyo, kubali pia kwamba mzigo umepunguzwa kwa kumpa mtazamaji wa mbali mtu mwema wa kujifananisha naye.

Kuna hesabu ya pili isiyozungumzwa sana: ya waliopona. Sinema hupenda mwokoaji, kwa kuwa mwokoaji ana lengo, ana vizuizi, na ana mwisho mwema. "Schindler's List" ya 1993 inasimulia habari za Wayahudi wapatao 1,100 waliookolewa. Waliouawa na Wanazi walikuwa takriban milioni sita. "Hotel Rwanda" inahusu watu 1,268 waliojificha hotelini. Visa hivyo vilitokea na vinastahili kusimuliwa. Ila mtazamaji aliyeona filamu hizo mbili tu anaweza kutoka na picha kwamba katika mauaji ya kimbari jambo la kawaida ni kuokoka, wakati jambo la kawaida lilikuwa kufa bila mtu kuja. Kwenye daftari andika sehemu hii kwa namba: waliookoka katika filamu, na waliokufa katika tukio zima.

Hatua ya 5: Chagua matukio matatu uyapeleke kwenye ushahidi

Usijaribu kukagua kila kitu, utachoka uache. Chagua tukio lililokuumiza zaidi, tukio lililokufariji zaidi, na tukio moja ambapo mtu anafanya jambo la ajabu la kishujaa au la kikatili. Kisha tafuta ushuhuda wa manusura, kumbukumbu za mahakama, au kitabu cha mwanahistoria, na ulinganishe.

Nitakuonyesha kwa "12 Years a Slave" ya 2013, kwa sababu kitabu alichosimulia mwaka 1853 Solomon Northup mwenyewe, Mmarekani Mweusi huru aliyetekwa na kuuzwa utumwani, kinapatikana kwa urahisi. Ndani ya meli inayowapeleka watumwa New Orleans, filamu inaonyesha baharia akitaka kumbaka mwanamke. Mtumwa aitwaye Robert anamzuia, naye anachomwa kisu na kufa. Tukio linatetemesha. Ukifungua kitabu, Robert anakufa kwa ndui. Na baharia anayekumbukwa na Northup ni yule aliyemsaidia kwa siri kupeleka barua nyumbani.

Wengi wakifika hapa husema filamu imedanganya, wakafunga daftari. Vuta pumzi uulize swali letu. Baharia anayeua mtumwa kwa kisu anamharibia tajiri mali yake. Mtumwa ana bei, na meli ile ipo majini kwa ajili ya bei hiyo. Kisu kinatupa mtu mbaya wa kumchukia. Ndui ndani ya meli iliyofungia watu kama shehena inatupa biashara nzima, yenye karani na risiti, na biashara haina uso wa kuuchukia. Kwa hiyo, kwa maoni yangu, badiliko lililokusudiwa kuongeza ukatili limeupunguza. Naisema hivyo ingawa naiona filamu hiyo kuwa miongoni mwa bora za aina yake.

Mfano wa upande wa faraja ni "The Boy in the Striped Pyjamas" ya 2008. Mtoto wa kamanda wa kambi na mtoto wa Kiyahudi, wote wa miaka minane, wanakutana kila siku kwenye waya wa kambi inayofanana na Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi. Kule Auschwitz waya ulikuwa na umeme na walinzi, na watoto wa umri huo kwa kawaida walipelekwa kuuawa siku ileile walipofika. Mwaka 2020 makumbusho ya Auschwitz ilisema wazi kwamba kitabu ambacho filamu hii imetokana nacho kinafaa kuepukwa na anayejifunza au kufundisha historia hiyo. Lakini angalia zaidi ya waya. Mwishoni tunalia na nani? Na mama wa yule mtoto wa kamanda. Msiba umehamia nyumba ya muuaji.

Hatua ya 6: Kamera imesimama wapi mtu anapokufa?

Simamisha filamu kwenye kila kifo unachokiona na jibu kwa sentensi moja: tuko karibu au mbali, picha inakatwa au inabaki, kuna muziki au hakuna.

Ubishi huu una historia. Mwaka 1961 mkosoaji Mfaransa Jacques Rivette aliandika kwa hasira kuhusu "Kapò", filamu ya Gillo Pontecorvo iliyotoka mwaka uliotangulia. Mfungwa mwanamke anajirusha kwenye waya wa umeme, na kamera inasogea mbele polepole ili kuuweka mwili wake vizuri ndani ya picha. Kwa Rivette, anayefikiria urembo wa picha kwenye sekunde hiyo anastahili kudharauliwa. Unaweza kuona amezidisha. Mimi tangu nilipoisoma hoja hiyo siwezi tena kuona kamera ikielea juu ya maiti, kinanda kikilia, bila kujiuliza ni nani anayenufaika na uzuri huo.

Mfano wa upande wa pili umo ndani ya "12 Years a Slave" hiyohiyo. Northup ananing'inia kwa kamba, ncha za vidole vya miguu zikigusa tope, na kwa muda mrefu picha haikatwi. Sekunde zinapita, nyingi. Nyuma yake watumwa wengine wanatoka vibandani na kuendelea na kazi, watoto wanacheza. Hakuna muziki wa kukuambia uhuzunike. Hapo mzigo hajapunguziwa mtu yeyote, hata wewe.

Wengine huamua kutoonyesha kabisa. "The Zone of Interest" ya 2023 haituonyeshi mauaji ya kambini. Tunaiona bustani ya kamanda wa Auschwitz, Rudolf Höss, mkewe akitunza maua, na kutoka ng'ambo ya ukuta tunasikia risasi, mayowe na mngurumo usiokoma. Ukiitazama, zima picha kwa dakika tano usikilize tu. Rithy Panh wa Kambodia, aliyepoteza wazazi na ndugu chini ya utawala katili wa Khmer Rouge nchini humo, alikuta picha zilizobaki za miaka ile ni za propaganda ya wauaji. Kwa hiyo katika "L'Image manquante" ya 2013 alitumia sanamu ndogo za udongo kuwa familia yake. Sijui jibu bora zaidi la mtu aliyenyimwa picha.

Hatua ya 7: Baki maandishi ya mwisho yakipita

Watu wakianza kutafuta viatu, wewe kaa. Mwisho wa "Cry Freedom" yanapita majina ya waliofia mikononi mwa polisi wa Afrika Kusini, pamoja na sababu za vifo zilizotolewa rasmi: aliteleza, alijinyonga, alianguka. Yanazidi kwa nguvu sehemu kubwa ya filamu yenyewe. "Shooting Dogs" ya 2005, iliyopigwa Kigali kwenye shule ileile walikoachwa maelfu ya watu askari wa Umoja wa Mataifa walipoondoka tarehe 11 Aprili 1994, inatuonyesha mwishoni manusura waliofanya kazi katika utengenezaji wake.

Maandishi ya mwisho pia huzeeka. Meneja aliyetukuzwa na "Hotel Rwanda", Paul Rusesabagina, alikamatwa mwaka 2020, akahukumiwa Rwanda miaka 25 kwa makosa ya ugaidi, na kuachiwa mwaka 2023. Wafuasi wake waliiita kesi ya kisiasa. Baadhi ya manusura wa hoteli walikuwa wamekwisha kupinga simulizi ya filamu miaka mingi kabla. Kwa filamu yoyote kuhusu mtu aliye hai, tafuta yaliyotokea baada ya maandishi ya mwisho.

Hatua ya 8: Itafutie mwenzake

Filamu moja haitoshi, na ya pili iwe ya jicho tofauti, si ya huzuni ileile. Baada ya propaganda ya Indonesia tazama "The Act of Killing" ya 2012. Wauaji wa 1965, ambao hawakushtakiwa, wanaigiza mauaji yao wenyewe kwa mitindo ya sinema walizopenda ujanani. Anwar Congo, mmoja wao, alikuwa akilangua tiketi nje ya ukumbi wa sinema. Subiri majina ya mwisho: Waindonesia wengi walioitengeneza wameandikwa tu kuwa hawatajwi, kwa hofu.

Hatua ya 9: Ukiwaonyesha wengine

Waambie mapema kilichomo, na mtu akitaka kutoka asiulizwe sababu. Kumbuka kwamba ndani ya chumba anaweza kuwemo ambaye kisa hicho ni cha nyumbani kwao, usimgeuze shahidi mbele ya watu kwa kumwuliza "wewe unaonaje?" Kwa watoto chagua vipande vifupi na uvitazame nao. Filamu ikiisha acha dakika chache za kimya, kisha usianze na kama wameipenda. Wape karatasi waandike majina ya waliouawa wanayoyakumbuka. Karatasi zikirudi tupu, mazungumzo yaanzie hapo.